Ulevi wa Asiyekunywa

Katika ukoo wetu mlevi nilikuwa mimi, na kila mtu alishazoea kwamba nafasi hiyo ni yangu. Kwa hiyo dada yangu aliponipigia simu na kuniambia mama amelewa, nilicheka. Nilikuwa Kanama, nimekaa juu ya magunia ya viazi nikisubiri lori, na vijana niliokuwa nikipakia nao waligeuka kuniangalia.

"Yaya, usicheke," alisema. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, sisi tuliotoka Masisi, ng'ambo ile ya mpaka. "Mama analewa muchana. Bantu banamuona."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Mama yako. We uko na mama ngapi?"

Nilikuwa nao wawili, na mmoja alikufa nikiwa sijaota meno ya pili. Huyu aliyebaki ni mama mdogo, mdogo wa marehemu. Alinivusha mpaka nikiwa nimeshika kitenge chake, yeye mwenyewe akiwa na mimba ya huyu dada wa kwenye simu. Alinipeleka shule, na nilipoiacha hakunipiga wala hakulia mbele yangu. Nikapita Bukavu, nikapita Uvira, nikakaa Kigoma miaka ambayo ndiyo iliyoninyoosha Kiswahili hiki ninachoandikia. Nimekuwa utingo, mbeba mizigo bandarini, mlinzi wa ghala, mnyunyizaji wa dawa ya viazi. Kila niliporudi nyumbani Gisenyi aliniuliza kama nimekula. Hakuwahi kuniuliza nimekuja kwa muda gani.

Na alikuwa mlokole. Kwenye sherehe za mahari, kibuyu cha pombe ya mtama kilipozungushwa na mirija yake, yeye alipewa soda, na hata hiyo soda hakuigusa kama haikufunguliwa mbele ya macho yake. Siku za kazi aliuza nyanya na karoti sokoni. Jumapili aliimba kwaya. Ibada ya kanisa lile ni ya Kinyarwanda, lakini kwaya ilikuwa na nyimbo za Kiswahili alizozileta yeye kutoka Masisi, na alipoanza kuziimba hata wazee waliokuwa wakisinzia walifumbua macho.

Lazima nieleze desturi ya kanisa hilo, maana yote yaliyotokea yamefungwa nayo. Muumini akionekana amekunywa, baraza la wazee humweka kando. Hafukuzwi. Anaendelea kuja, ila anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, hagusi mkate wala kikombe cha Bwana, haimbi na kwaya. Siku akiwa tayari, anasimama mbele ya watu, anataja kosa lake kwa mdomo wake, kisha anapokelewa. Akifa kabla ya siku hiyo, kwaya haiendi kaburini. Ndugu watamzika, majirani watakuja na majembe yao, lakini hataimbiwa. Mama mdogo aliwahi kuniambia kwamba maziko ya namna hiyo yalimwogopesha kuliko kifo chenyewe.

Nilipofika Gisenyi alikuwa ameshawekwa kando. Dada alinisimulia ilivyokuwa, tukiwa tumesimama nyuma ya nyumba ili mama asitusikie. Yeye ni mtumishi wa serikali, anakaa ofisini na watu wanamwamkia kwa heshima, na aibu ilikuwa imemkondesha.

Ilianza na mambo madogo. Chumvi kwenye chai. Usingizi wa mchana kutwa, mtu ambaye hakujua kulala jua likiwa juu. Msibani kwa jirani alicheka. Kisha siku moja sokoni mteja wake wa miaka mingi alimwomba amwongezee nyanya moja juu ya fungu, jambo analoombwa kila siku, naye akaichukua ile nyanya akamrushia kifuani na kumtukana. Dada alinitajia lile tusi kwa sauti ya chini. Mimi nililijifunzia bandarini. Sikujua kama mama mdogo alikuwa nalo kichwani.

Alirudi nyumbani akiyumba, akishika ua wa watu njiani. Mama mmoja wa baraza alimshika mkono kumsaidia, akanusa pumzi yake, na akanusa ndizi zilizochacha. Huku kwetu harufu hiyo ina jina moja tu: urwagwa, pombe ya ndizi. Wiki haikuisha, wakaja wazee watatu. Wakasali, wakaketi. Mama mdogo akatolewa kitandani, kitenge amekivaa ndani nje.

"Mama, tumesikia maneno," akasema mzee aliyewaongoza. "Je, unakunywa?"

"Ninakunywa."

"Unakunywa nini?"

"Ile munanipatiaka kanisani," akajibu, na akacheka mpaka akashika mbavu.

Dada aliponisimulia hapo, mdomo wake ulitaka kucheka nao, kisha ukakataa. Ulikuwa mzaha wake kabisa, mzaha ambao angeufanya akiwa mzima, ila akiwa mzima asingeufanya mbele ya wazee. Wakaondoka na jibu hilo.

Nilimkuta uani juu ya mkeka. "Umekonda," aliniambia. "Umekula?" Nikafurahi, nikadhani dada ametia chumvi. Nikaketi. Baada ya muda akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ninaingia. "Umekonda. Umekula?" Nilipompa sahani ya maharage akainyooshea mikono, na viganja vyake vikaanguka na kuinuka, vikaanguka na kuinuka, kama mbawa za kuku aliyeshikwa miguu. Sahani ikaenda chini. Alitazama maharage kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyemwagiwa.

Siku ile nilitafuta chupa. Hakuna mtu anayeijua kazi hiyo kuliko mimi. Nilitia mkono kwenye gunia la mchele, ndani ya mtungi wa maji, nyuma ya picha ukutani, katika viatu vya mvua, juu ya dari ya choo. Nilikuta panya na kipande cha sabuni. Nakumbuka nilikuwa nikitamani kuikuta. Chupa ningeielewa, ningekaa naye kama mwenzangu, ningemwambia ninayoyajua. Nikarudi nikamsogelea, nikainusa pumzi yake. Utamu ulikuwepo, mama yule wa baraza hakusema uongo. Lakini urwagwa una ukali unaopanda puani, na asubuhi hugeuka kuwa siki. Huu ulikuwa utamu mtupu, wa kitu kilichofungiwa chunguni muda mrefu, na asubuhi ulikuwa uleule.

"Hajakunywa," nikamwambia dada.

"We unamutetea juu we mwenyewe unakunywaka."

"Njo maana ninajua."

"Basi ni nini? Mashetani?"

Niliwaza juu ya mashamba ya Nyakiriba, msimu mmoja niliponyunyiza dawa ya viazi bila kitambaa usoni kama wenzangu wote. Mwenzetu mmoja, mtu mpole aliyekuwa akituimbia tukilima, alimaliza siku akitokwa mate na machozi, akatushutumu kwamba tumemwibia jembe alilokuwa amelishika mkononi. Kesho yake alikuwa mpole tena, na hakutuamini tulipomwambia. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza upole wa mtu unakaa wapi, kama kopo la dawa linaweza kuuondoa na usingizi mmoja ukaurudisha. Hata bia yangu mwenyewe, ikiingia chupa ya tatu mimi huwa mkarimu. Nimewahi kumpa mtu viatu nilivyovaa. Asubuhi namtafuta yule mkarimu, simwoni.

Asubuhi moja mama mdogo alipomwita dada kwa jina la marehemu mama yangu, na kumwuliza kama mvua imeshanyesha Masisi, tuliomba gari la jirani tukaenda hospitali. Mwangani, nje, niliona kile ambacho ndani ya nyumba hatukukiona: weupe wa macho yake ulikuwa rangi ya mafuta ya mawese yaliyotiwa maji.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimwambia anyooshe mikono mbele, vidole vikielekea juu, kama askari anayesimamisha gari. Vikapiga mbawa. Akampa kalamu achore nyota. Mama mdogo akachora mistari mitatu na kuanza kumgombeza kwamba kalamu ni mbovu. Kisha daktari akamfunua tumbo, ambalo lilikuwa limevimba kuliko tulivyojua chini ya vitenge, na upande wa kushoto, chini ya mbavu, kidole chake kikapita juu ya safu ya makovu mafupi.

"Nani alimchanja?"

Nilijua. Mama mdogo alitusimulia zamani, akicheka. Kule Masisi mtoto akivimba bandama, bibi wa kijiji alimchanja tumbo na kupaka dawa. Walipangwa mstari watoto wa kijiji kizima, na wembe ulikuwa mmoja.

Daktari alitueleza polepole, na niliuliza maswali mpaka dada akanikanyaga mguu. Alisema katika watoto wale huenda mmoja alikuwa na virusi kwenye damu, na wembe ukavigawa. Vikakaa kwenye ini la mama mdogo miaka yote hiyo, kimya, vikilila. Alipovuka mpaka akiwa amenishika mkono, vilikuwepo. Sasa ini lilikuwa kovu tupu. Kazi ya ini, alisema, ni kusafisha damu inayotoka tumboni, maana chakula kikisagwa huacha sumu, na mojawapo ni amonia, ile inayonuka kwenye mkojo uliolala. Ini likishindwa, sumu inapita moja kwa moja mpaka kwenye ubongo. Ubongo unalewa. Mtu anasinzia mchana, anakesha, anatukana, anacheka msibani, anayumba. Hata pumzi inanuka tamu. Virusi vina vidonge siku hizi, alisema, lakini vidonge haviwezi kurudisha ini lililokwisha.

"Donc, basi hajanywa," dada akasema.

"Hata tone."

Dada alitoka nje, na nikamwona kupitia dirishani ameegemea ukuta, uso ndani ya mikono.

"Sasa yule anayetukana ni nani?" nikamwuliza daktari. "Ni yeye au ni sumu?"

Alisema swali hilo hawakumfundisha.

Dawa yenyewe ilinishangaza. Nilitarajia sindano ya kichwa. Wakaleta maji ya kumwosha tumbo na chupa ya sharubati, tamu ya kukera. Kazi yake ni kumfanya mtu aende choo mara kadhaa kwa siku, choo laini, ili sumu itoke kabla haijaingia kwenye damu. Daktari alirudia mpaka tukachoka: akienda choo sana, msishtuke, ndiyo dawa inafanya kazi. Msiiache. Na asikae bila kunywa maji.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake nikisoma karatasi ya maelezo iliyotoka kwenye boksi la dawa, kwa sababu sijui kukaa bila kusoma kitu. Nikasikia, "Nani anauzisha nyanya zangu?" Alikuwa ameinua mkono, anatazama kucha zake zilivyorefuka, na macho yake yalikuwa na mtu ndani.

"Hakuna, mama. Ziliisha oza."

"Na we unakaa hapa unasoma."

Hakukumbuka mengi. Alijua amekuwa mahali pabaya, kama mtu aliyesafiri amelala. Dada alimweleza yote, pamoja na wazee na lile jibu la kanisani. Alisikiliza amefunika mdomo kwa upindo wa shuka. Tulipotoka hospitali, safari yake ya kwanza ilikuwa kwa yule mteja aliyerushiwa nyanya. Alimpigia magoti. Yule mama alimwinua, wakalia wote wawili, na akampa chai.

Lakini kutubu ulevi alikataa.

Mzee aliyeongoza baraza alikuwa amerudi kutoka Tanzania, na kwa sababu hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko cha nyumbani. Nilimkuta akifunga mbuzi. Nilimweleza habari ya ini na wembe na amonia, na nadhani nilimchosha.

"Nakubali alikuwa mgonjwa," alisema. "Mimi si mtu wa kubishana na daktari. Lakini watu wamemwona anayumba. Asimame tu aseme neno dogo, kama wengine. Ataje kosa, apokelewe, iishe."

"Kosa gani, mzee?"

"Hata hilo tusi."

"Kwa tusi ameomba radhi kwa aliyemtukana. Mnataka aseme alikunywa."

"Mwanangu, wewe si uko upande wa wanywaji? Umekuwa wakili wa kanisa lini?"

"Ndiyo maana mnisikilize. Wa kwetu namjua."

Alicheka kidogo, akamvuta mbuzi. Kisha akasema atajaribu. Alichukua muda, na sijui alisema nini kwenye baraza, lakini alirudi na neno. Jumapili ya meza ya Bwana yeye mwenyewe angewatangazia watu kwamba dada yao alikuwa mgonjwa. Mama mdogo angekaa kwenye benchi la kwaya, angeimba, na mkate ukimfikia akaula, basi amepokelewa. Hangetubu lolote.

Daktari alishatuambia, mimi na dada, kwamba muda ni mfupi. Mama mdogo hakuwa ameambiwa, lakini alijua. Alianza kugawa vitenge vyake. Kuhusu Jumapili ile alisema mara moja tu, akipepeta mchele: "Ninataka banione kama niko na akili. Kisha Mungu afanye yake."

Tuliyokuja kuyajua baadaye ni haya. Ibada ya meza ya Bwana huanza asubuhi na kuishia jua likiwa limeelekea magharibi, ziwani. Kwaya inakaa mbele, imewaelekea watu. Choo kiko chini ya mteremko nyuma ya kanisa, na anayetoka benchi la kwaya hutembea katikati ya macho ya watu wote, kwenda na kurudi. Sharubati ilikuwa ikimkimbiza tangu alfajiri. Mama mdogo akapiga hesabu yake. Siku chache kabla ya Jumapili alianza kuchukua kijiko kutoka mkononi mwa dada, akisema atakunywa mwenyewe, yeye si mtoto. Na kwa kuwa kwaya hufunga kabla ya meza ya Bwana, akafunga nao, bila chakula na bila maji.

Jumapili ile alikuwa mzuri. Sare ya kwaya ilikuwa imeachiliwa mishono ili ipite tumboni. Mimi nilikaa benchi la mwisho, lile la waliowekwa kando, kwa sababu ndiko nilikojiona ninastahili, na watu wawili waliokuwa pale walinisogezea nafasi bila kuuliza. Mzee alisimama, akasema kama alivyoahidi: dada yetu aliugua, hakunywa, leo anarudi mahali pake. Watu wakaitikia. Nikaona dada akifuta macho.

Waliimba. Sauti yake ilikuja nzito kuliko nilivyoikumbuka, maneno yakifika nyuma kidogo ya wenzake, nikadhani ni unyonge wa ugonjwa. Kwaya ikanyamaza. Yeye akaendelea na ubeti ule, peke yake, mara moja zaidi, na watu wakadhani ni Roho. Wengine wakafumba macho. Kisha akatoka mstarini akaenda kwenye meza.

Pale kanisani divai ya zabibu isiyochacha hutiwa kwenye vikombe vidogo vilivyopangwa juu ya sinia. Mama mdogo alifunua kitambaa na kuanza kuvitoa. Alivipanga juu ya meza kwa mafungu, vinne chini na kimoja juu yake, kwa vidole vile vilivyokuwa vikipiga mbawa, na vikombe vikamwagika, na yeye akavirudisha, akavipangusa kwa upindo wa sare.

"Fungu, mama, fungu," akasema, kwa sauti ya sokoni ambayo inasikika hadi barabarani. "Nyanya ya leo leo. Chagua, usiogope."

Watoto walicheka, wakanyamazishwa. Mchungaji alikuwa amewapungia mkono vijana wa mlangoni, nao walikuwa wameanza kuja mbele, vijana wenye nguvu. Mzee alikuwa karibu zaidi. Alisogea hadi mezani, na nilijua kwa jinsi alivyosita kwamba ameinusa ile harufu.

"Mama," alisema, "fungu zuri hilo. Nitwalie mawili."

"We mupya," akamjibu. "Sikujui."

"Nimetoka mbali. Lakini kikapu changu nimekiacha nje. Twende unipimie nje."

Alimkagua toka juu hadi chini. "Bateja ya hapa munasumbuaka," akasema, na kila mtu alisikia. Akakusanya vikombe kwenye upindo wa sare, akamshika mzee mkono, wakapita katikati ya mabenchi yote, divai ikidondoka nyuma yao, mpaka nje. Kwenye ngazi akakaa akalala usingizi ambao hatukuweza kumwamsha.

Dada alizikuta chupa za sharubati siku hiyohiyo, chini ya kitanda, moja haijafunguliwa.

Hospitali walimpitishia dawa kwa mpira wa puani, na alirudi mara moja tena. Ilikuwa mchana, dirisha wazi, pikipiki zikipiga honi barabarani. Alikuwa mnyonge, lakini alikuwa yeye.

"Niliimba?" aliuliza.

"Uliimba, mama," dada akasema.

"Mupaka mwisho?"

Dada alinitazama. "Wimbo muzima," nikasema mimi, na ilikuwa kweli.

"Na mukate?"

Niliinama nikamnyooshea shuka. Aligeuza uso ukutani, na tulidhani amelala. Kisha akasema, akiutazama ukuta, "Ile dawa ilikuwa inanikimbizisha. Sikutaka kutoka-toka mbele ya bantu. Ile siku niliiacha, kichwa ilikuwa yangu. Musiseme ilikuwa ugonjwa. Ni mimi niliamua."

Nimelibeba neno hilo kuliko matusi yote ya ugonjwa wake. Nilikuwa nimetumia miezi nikitenganisha: hili ni lake, hili ni la sumu. Na kumbe jambo lililommaliza lilikuwa lake, alilipima kwa akili timamu, kwa haya na kwa heshima, kama alivyopima kila kitu.

Alikufa kabla ya juma kuisha. Baraza lilikaa. Mzee alituletea majibu mwenyewe, amesimama uani kofia mkononi, hakutaka kuketi. Wengine walisema alikunywa tena, kwamba harufu ilikuwa ileile. Wengine walisema hapana, ni ugonjwa, lakini sharti lilikuwa mkate, na mkate haukumfikia. Yeye alikuwa peke yake upande wa pili. "Nimewaambia yote uliyoniambia," alinieleza. "Ile habari ya ini. Labda sikuieleza vizuri."

"Uliieleza, mzee."

"Nimeshindwa."

Dada aliingia ndani akaendelea kukunja nguo.

Tulimzika bila kwaya. Mzee alikuja kama jirani, akashika kamba pamoja nasi kushusha sanduku, akatupa udongo wake, akarudi nyuma. Jirani mmoja aliomba kwa kifupi. Baada ya hapo, pale ambapo wimbo ungeanza, tulisikia majembe tu, na lori likipanda mlima kuelekea Kanama. Dada alikuwa ameuma kona ya mtandio wake.

Wanawake wa kwaya walikuja wote, bila sare, mmoja mmoja. Hawakusimama pamoja. Baada ya maziko walikaa uani kwetu wakamenya viazi, wakapika, wakawalisha watu, na watu walipoondoka wakaanza kuosha vyombo. Mmoja wao, mwembamba, aliyekuwa akisimama kushoto kwa mama mdogo miaka yote, alikuwa akisugua sufuria kubwa kwa majivu. Nadhani hakujua kwamba anafanya hivyo: midomo imefungwa, kutoka puani, taratibu, kwa mwendo wa mkono wake kwenye sufuria, ulikuwa ukimtoka wimbo. Wenzake waliacha kusema. Hakuna aliyemnyamazisha, na hakuna aliyeitikia. Dada alitoka mlangoni akasimama. Yule mama alisugua mpaka chini kabisa, akasuuza mara mbili, akaipindua sufuria juani.